Maneno mazuri ukutani yafunza mtoto wema ama ni pambo tu?

Jamani hebu tuliongee hili. Kwa grupu la wazazi wa gredi ya nne, shule ya mtoto wangu huku Kisauni, kumetolewa wazo kila mzazi atoe mia mbili yachapishwe mabango ya maneno mazuri, watoto wayasome kwa sauti kila asubuhi, ati watajifunza wema. Wengi washakubali. Mimi nimekataa, na si kwa sababu ya mia mbili, manake nishaitwa bahili tayari.

Sisi watu wa Mombasa tusijifanye hatujui maneno yanavyofanya kazi. Nenda Biashara Street, pale Mali ya Abdulla wako tangu 1887, kanga zimejaa majina mazuri, yani yale maneno yaliyochapwa chini, lakini mwanamke hanunui jina kwa uzuri wake tu, anunua akijua nani atapita alisome. "Wema hauozi" ukimpa mamako ni shukrani, ukijifunga siku yule jirani mwenye deni lako yuaja kuchota maji hilo ni fumbo, na lamchoma kuliko tusi. Watoto wetu wamekulia humo humo.

Muhula uliopita binti yangu hakuwa na pesa ya saa nne, akamuomba mwenzake kiazi karai, kimoja tu, akajibiwa "mkono mtupu haulambwi" na kundi zima likacheka. Yule mtoto si mbaya wallahi, methali kaipata kwa insha, ukitia methali wapewa maksi! Yani wanazo, wamezikariri, ndizo wanazochapana nazo. Na zenyewe zapingana, hii yasema tenda wema wende zako, ile yasema shukrani ya punda mateke, sasa ukutani utabandika moja na ya pili ataisikia nyumbani kabla hajavua yunifomu. Afadhali neno moja kwa wiki, wabishane nalo mpaka walielewe, kuliko mabango kumi ya kuimba kama kasuku.

Mwalimu Likoni: Mzazi, mimi nina watoto sitini na kitu darasani, huo muda wa kubishana niutoe wapi? Mtaala wa CBC wanitaka nitie upendo na heshima ndani ya kila somo, hata hesabu. Na kiboko kilipigwa marufuku 2001, sawa kabisa, lakini mwalimu kabakishiwa mdomo, nanyi sasa maneno pia mwayakataa? Bango angalau lakaa pale siku nikiwa nimechoka.

Mama Wawili: Mimi sikuwa na upande mpaka mwanangu aliporudi na "mgeni njoo mwenyeji apone" akaniuliza, mama, kwani mwenyeji alikuwa aumwa nini? Nkashindwa. Ikawa darasani kwao kuna kijana mgeni katoka Kitui, wamcheka anavyoongea, mwalimu akaacha kugomba akawauliza swali hilo hilo, mwenyeji aumwa nini. Mmoja akasema njaa, mwengine upweke, mwengine ati alikuwa hana mtu wa kucheza naye. Ndipo wakataka kujua huyu mgeni wao kaja na dawa gani, kumbe atengeneza magari ya waya yenye usukani mrefu, wasukuma wamesimama wima! Sasa kwangu nyaya za kuanikia nguo zote zimeisha, naanika uani kwa jirani.

Mwenye mada: Hiyo ndiyo nasema mimi. Hakuna bango hapo, kuna swali. Dada, ilichukua muda gani?

Mama Wawili: Kama dakika kumi, saa ya PPI, kile kipindi cha mafunzo ya dini.

Mwalimu Likoni: Kwetu PPI ni ya pasta na ustadhi, mimi hata hizo kumi sina. Lakini hilo swali la ugonjwa naliiba, kesho asubuhi nawauliza tukiwa kwa laini ya kuingia darasani.