Kuzunguka Lugalo kwa miguu: nani anazijua njia za vilimani mpaka kwenye mnara?

Mpanda_Vilima

Habarini wakuu, naomba msaada wa wenyeji wa Iringa hasa watu wa Kilolo.

Mwezi wa nane tutakuwa likizo watu wanne, tunatokea Mbeya, na mmoja wetu anakuja na binti yake wa miaka kumi. Nataka twende Lugalo, pale Wahehe walipompiga Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, tarehe 17 Agosti 1891. Nimeshapita hapo na basi la Dar mara kibao na kila nikipita natamani kumwambia konda nishushe. Sasa tatizo langu ni hili, kila ninayemuuliza anasema alipaki gari, akaenda kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita hiyo, akapiga selfi, dakika kumi nyingi akarudi barabarani akaendelea na safari. Mimi nataka kutembea, nusu siku hivi, tunaanzia barabarani tunazunguka vilimani tunashuka bondeni tunatokea kwenye mnara halafu tunarudi barabarani kwa njia nyingine, maana sipendi kurudi nilikopita.

Njia zipo? Ruhusa inaombwa wapi? Na mtoto ataweza au tumuache mjini na bibi yake? Karibuni.

Chuma_Chakavu

Mkuu Lugalo si kambi ya jeshi ile ya Dar?? ukazunguke vilimani na begi mgongoni utaruka kichura mpaka ujute 😂😂

Mnyalu_wa_Irole

Kamwene mkuu. Huyo hapo juu msameheni, ila ajue kambi ya Lugalo na ile hospitali ya jeshi vimechukua jina huku kwetu, sio sisi tuliochukua kwao.

Njia zipo tele ila usitegemee kibao hata kimoja ukishaiacha barabara. Ni njia za watu na ng'ombe, za kwenda shamba, za kuni, zinakatana kila mahali na kila msimu zinahama kidogo kutegemea nani kalima wapi. Ramani ya simu itakuonyesha lami na labda mto, hizi hazimo. Kwahiyo mkishuka tu nendeni ofisi ya serikali ya kijiji, salimieni, semeni mmekuja kufanya nini, mwenyekiti au mtendaji atawatafutia kijana wa kuwatembeza, na hela yake mkubaliane kabla hamjaanza kutembea sio mkimaliza. Sio kwamba kuna mtu atawafanya kitu, watu wa huku ni wastaarabu, ila wageni wanne wenye mabegi wanakatiza mashamba ya watu wanachungulia kwenye mawe, hapo kijiji kizima kitajua mnatafuta rupia za Mjerumani. Mpaka leo kuna watu wanakuja usiku na vile vyuma vya kupima madini. Mkionekana mnachokoa chokoa chini ya jiwe mtaulizwa maswali mpaka jua lizame.

Sasa kuhusu mzunguko wenyewe, ushauri wangu MSIANZE NA MNARA. Mnara hauko mbali na barabara ndo maana watu wanauona kama sehemu ya kuchimba dawa na kupiga picha. Mkianza nao mtakuwa mmemaliza kabla hamjajua mnaangalia nini. Mwambieni kijana awapandishe vilimani kwanza, asubuhi kabla jua halijawa kali, halafu mshuke bondeni, mnara uwe mwisho.

Sababu yake ni kwamba Zelewski alikuwa anatokea mashariki, ameshavuka Ruaha Mkuu anaelekea Kalenga kwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, huku anachoma makazi ya watu njiani. Ana askari kama 320, wapagazi kama 170, punda wa kubeba mizinga na bombomu (bunduki za rashasha), na watu wote hao wamejipanga mstari mmoja mwembamba mrefu kama foleni ya malori Kitonga siku lori limelala njiani. Wahehe kama 3,000 wamelala kwenye vichaka na nyuma ya mawe, wengi mikuki na ngao tu, bunduki za kuhesabu. Inasimuliwa walikuwa wanasubiri mlio wa bunduki kama ishara, afisa mmoja wa Kijerumani akaona ndege akampiga, basi wao wakajua ndo tayari wakaibuka. Askari wengi hawakuwahi kupiga zaidi ya risasi moja au mbili, punda wakachanganyikiwa wakaingia katikati ya mstari, yaani ndani ya kama dakika kumi mambo yameisha. Wazungu 10 wamekufa na Zelewski mwenyewe yumo, alikuwa juu ya punda akachomwa mkuki na kijana mdogo kabisa, na askari zaidi ya 200 hawakunyanyuka.

Hayo yote unaweza kuyasoma ukiwa umelala kitandani. Ila fanyeni hivi: wawili wabaki juu kwenye mteremko wachuchumae nyuma ya mawe, wengine washuke bondeni watembee kuelekea magharibi kama msafara ulivyokuwa unaenda. Wa chini hawatawaona wa juu. Wa juu watawaona wa chini mpaka rangi ya kofia na watawasikia wakiongea. Mimi nimezaliwa huku na nilikuwa nasikia habari za vita hivi toka nanyonya, lakini siku nimefanya hivyo na wadogo zangu ndo niliacha kusema Wajerumani walikuwa wazembe. Pale chini hata ungekuwa na jeshi la leo ungepata shida.

Hasira_za_Mtwa

Mnisamehe wakuu lakini mimi hizi safari huwa sizielewi. Ule mnara ni wa nani? Ni wa Mjerumani. Kajengewa Zelewski na wenzake, watu waliokuja kuchoma nyumba za mababu zetu, na huyu Zelewski waliyemwita "Nyundo" sio mara yake ya kwanza, ni huyu huyu aliyetibua Pangani 1888 akiwa na ile kampuni ya Wajerumani mpaka Abushiri akaamsha vita pwani nzima. Sasa nitoke nyumbani na nauli yangu na mtoto wangu nikasimame pembeni ya kumbukumbu ya mtu kama huyo? Nendeni Kalenga mkamsalimie mwenyewe Mkwawa pale, Lugalo pakawe shamba la mahindi tu.

Mwl_Kipanga

Ndugu Hasira hasira zako nazielewa na wanafunzi wangu huwa wanauliza hivyo hivyo kila mwaka. Ni kweli mnara ni wao, waliuweka kwa ajili ya watu wao baada ya kuishika nchi. Lakini mimi ndo maana nauunga mkono mpango wa mtoa mada wa kutembea, kwa sababu anayekwenda kwa gari anaona mnara peke yake, ambao unasema habari za upande mmoja, na anayetembea anaona bonde, na bonde ndo la Wahehe. Ukilifanya shamba la mahindi utakuwa umewafutia walioshinda, sio walioshindwa.

Na kuna wengine hawana mnara wala hadithi. Hao askari zaidi ya 200 waliolala pale walikuwa Waafrika, Wasudani walioandikishwa Misri na wengine vijana wa kutoka Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Hapo hujaongeza wapagazi, na mpagazi hakuja kupigana na mtu, alibeba mzigo. Darasani nikifika hapo huwa kunakuwa kimya kidogo, halafu kuna mmoja lazima aulize "sasa mwalimu hao walizikwa wapi".

Kalenga nendeni, ila nendeni baada ya Lugalo kwa sababu mambo yanafuatana. Bunduki karibu 300 zilizookotwa Lugalo zilipelekwa huko, Mkwawa akaimarisha ngome yake ya Lipuli, na Wajerumani ikawachukua miaka mitatu kurudi na jeshi la maana, wakaivunja tarehe 30 Oktoba 1894 chini ya gavana von Schele. Mtwa, yaani Mkwawa, akatoroka akaendelea kuwasumbua porini karibu miaka minne, mpaka Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi asikamatwe. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani, likaandikwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles kwamba lirudishwe, bado likachelewa, likarudi 1954 gavana Twining akamkabidhi Chifu Adam Sapi, huyu huyu aliyekuja kuwa spika wa bunge. Liko Kalenga kwenye makumbusho mtaliona kwa macho. Na kama mna nafasi ingieni Boma pale mjini kwanza, lile jengo la zamani la Wajerumani lililofanywa makumbusho, mtoto ataelewa mpangilio kabla ya kupanda vilima.

Hasira_za_Mtwa

Mwalimu hapo kwa wapagazi umenipata. Kwenye mnara bado sijakubali.

Mama_Nyanya_Ilula

Wanaume mmeongea historia mpaka mmesahau mtoto 😄

Kaka, binti wa miaka kumi anatembea vizuri tu, wangu nilienda naye akiwa mdogo kuliko huyo na alitutangulia. Ila mvalishe suruali ndefu ya kitambaa kigumu na mikono mirefu, maana mwezi wa nane upupu umekauka, zile ganda zake zina manyoya yanapeperuka na upepo, ukipita karibu hata hujagusa unaanza kujikuna shingo. Likimpata asikimbilie kujimwagia maji, msugulie majivu au udongo mkavu kwanza ndo maji baadaye. Kijana wenu wa kijijini ataujua ulipo, mwambieni mapema kwamba mna mtoto awapitishe mbali nao.

Asubuhi mtatetemeka baridi, saa sita mtatafuta kivuli hamkioni, kwahiyo sweta ya kuvua na kofia. Maji mbebe ya kutosha kutoka mjini, lita mbili kila mtu angalau, huko juu hakuna duka na visima vingine vinakuwa vimekauka. Na tafadhali tafadhali msiwashe moto wa chai wala kutupa kipisi cha sigara, nyasi za Agosti zikishika hata kijiji hakiwezi kuzima, na watu hawatakuwa na muda wa kukuuliza wewe ni mtalii au nani.

Agosti mmechagua vizuri kwa jambo moja, mahindi yanakuwa yameshavunwa kwahiyo mnaona mbali. Mkija mwezi wa tatu mahindi yamesimama yamewazidi urefu hamtaona bonde wala Mhehe, na udongo unanata mguuni kila hatua unabeba kilo.

Mpanda_Vilima

Aisee asanteni sana, nimechukua yote. Mama Nyanya shikamoo, upupu nilikuwa sijauwaza kabisa. Mwalimu ratiba tumeigeuza, Boma jioni tunayofika, kesho yake Lugalo, keshokutwa Kalenga. Hasira karibu twende wote tukabishane njiani.

Limebaki moja, usafiri. Nilikuwa nawaza mabasi ya Mbeya–Dar yanapita hapo hapo, si watushushe tu tukitokea Mbeya tusilale mjini?

Mnyalu_wa_Irole

Usifanye hivyo. Basi la asubuhi kutoka Mbeya mpaka mfike Lugalo jua liko utosini, na vile nimekwambia vilima vinataka asubuhi mtakuwa mmeharibu kila kitu. Halafu mabasi makubwa yanakudai nauli nzima ya Dar hata kama unashuka Lugalo. Laleni mjini, alfajiri mchukue gari ndogo zinazoenda Ilula, mwambie konda "mnarani Lugalo", wote wanapajua. Jumapili msije, ofisi imefungwa na watu wako kanisani, mtakosa wa kuwapokea. Jumamosi ni sawa ila mtendaji mmwambie siku moja kabla.

Kurudi mnasimama upande wa pili wa lami mnasubiri gari zinazotoka Ilula, kuanzia saa tisa zinajaa matenga ya nyanya na watu kwahiyo mkiwa watano na mtoto msisubiri jioni sana. Lori la Tunduma likiwasimamia msipande, wengine wanatoka kupanda Kitonga wamechoka na usingizi. Na mkipitishwa kwenye kilabu cha ulanzi au komoni na huyo kijana, iwe mkimaliza sio mkianza, maana akikaa hapo hanyanyuki na nyie njia hamzijui.

Namba ya mtendaji siweki hapa hadharani, nitumie ujumbe wa pembeni nikupe.