Lisbon au Valencia kwa pauni 1,900 kwa mwezi?

DerevaMstaafu (London)

Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Nimeendesha basi London miaka 24 na mgongo sasa umegoma. Nina miaka 58, mama watoto 55, wote tuna pasipoti za Uingereza. Pensheni ya kampuni pamoja na kodi ya nyumba yetu ya Tanga vinafika pauni 1,900 kwa mwezi, kama yuro 2,200 hivi. Pensheni ya serikali naisubiri mpaka nifike 67. Mama anataka Valencia kwa sababu ya jua, mimi moyo uko Lisbon. Tovuti za kulinganisha bei zinasema miji hii imepishana kidogo tu. Aliyeishi kote kuwili atupe hesabu za kweli: kodi, umeme, soko.

BintiKisauni (Valencia)

Shikamoo kaka. Miaka minne nilikaa Amadora, pembeni ya Lisbon, na sasa huu wa tatu niko Valencia, mtaa wa Benimaclet. Bei za soko nitakuja, lakini tuanzie mlangoni. Mimi nina pasipoti ya Uholanzi, niliingia tu. Nyinyi Waingereza tangu Brexit ni viza. Hispania, viza ya wasiofanya kazi inataka kipato cha yuro 2,400 kwa mwezi kwa mwombaji, na 600 juu yake kwa mke. Hiyo ni 3,000. Ureno, viza yao ya aina hiyo, D7, inapimwa kwa kima cha chini cha mshahara: mwaka 2025 kilikuwa 870, mke nusu yake, jumla 1,305. Kwa 2,200 zako, Ureno unapita na chenji inabaki. Valencia hodi yako haitaitikiwa, labda uwe na akiba nene benki ya kuziba pengo.

Haya, nyumba. Amadora nililipa 780 kwa chumba kimoja na sebule, hapa nalipa 900 kwa vyumba viwili. Lisbon yenyewe usiniulize: nilionyeshwa nyumba Arroios kwa 1,200, ukifungua mlango wa choo unagonga jiko. Kwa kodi Valencia inashinda, ingawa baada ya mafuriko ya Oktoba 2024 kuvipiga vitongoji vya kusini, waliopoteza makazi nao wanatafuta nyumba hizi hizi. Na ukiletewa mkataba wa miezi 11, wanaouita wa msimu, soma mara mbili. Mwaka haujaisha unaambiwa kodi imepanda au ufunge virago.

Lililonishinda Lisbon ni baridi. Si ya nje, ya ndani! Nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha joto, madirisha ya kioo kimoja. Januari nilikuwa natoka kuota jua barazani kwa sababu barabarani kulikuwa na afadhali kuliko chumbani. Ukuta uliota kuvu mpaka kanzu za mume wangu zikanuka kabatini. Nikanunua mashine ya kunyonya unyevu, bili ya umeme ya mwezi ule ikaja 130. Valencia ni kinyume chake: Agosti kiyoyozi kinakesha.

Gesi: mtungi wa Ureno bei yake ni karibu mara mbili ya huu wa Hispania. Wareno wa Elvas huvuka mpaka kwenda Badajoz kununua mitungi.

Chakula hakitofautiani sana. Hapa mihogo na ndizi za kupika nazipata kwenye maduka ya Walatino. Lakini eneo la Martim Moniz la Lisbon nalililia: unga, viungo, kuku wa halali, na mzee mmoja wa Pemba, ile ya Msumbiji, ambaye nilimsalimu kwa Kiswahili akanijibu kwa Kimwani, lugha ya pwani ya kwao. Tukaelewana vizuri tu.

FundiSeixal

Kaka, usikae Lisbon, vuka mto. Mimi niko Seixal, chumba kimoja na sebule 850. Pasi ya Navegante ni yuro 40 kwa mwezi, unapanda basi, metro, treni na feri mkoa mzima wa Lisbon. Ukifika 65 unalipa nusu. Jiandae tu na suala la mdhamini, huku wanamwita fiador. Mimi sikuwa naye, mwenye nyumba akadai kodi ya miezi sita mkononi.

MhasibuLeicester

Nyongeza ya kodi za serikali. Ile nafuu ya kodi ambayo Ureno iliwapa wastaafu wageni ilifungwa kwa waombaji wapya mwaka 2024, hivyo pensheni yako itakatwa kwa viwango vya kawaida. Na ile robo ya pensheni ya kuchukua kwa mkupuo, ambayo Uingereza haiitozi kodi, ichukue kabla hujawa mkazi wa kule. Usidhani Ureno itauheshimu msamaha huo wa Uingereza. Kodi unayolipwa na wapangaji wa Tanga nayo utaitangaza. Mkirudi kwenye wazo la Hispania, mali ya nje inayozidi yuro 50,000 ina fomu yake, Modelo 720. Nyumba ya Tanga haifichiki.

DerevaMstaafu (London)

Marahaba dada, na ahsanteni nyote. Nimemsomea mama kila kitu. Kwenye ile 3,000 alinyamaza. Kwenye kuvu akasema, "Kanzu zako hizo?" Sasa anauliza: Seixal, nyumba ambayo madirisha yanatazama kusini, kwenye jua, inaongezeka bei kiasi gani?