Naomba ushauri: umeme na maji vinamaliza fedha za shule yetu

Habari zenu wakuu. Nasimamia mabweni kwenye sekondari yenye wanafunzi kama 400. Umeme wa LUKU tunaonunua mwanzoni mwa mwezi haufiki hata tarehe 20, na watoto wa kidato cha nne wanahitaji prepo ya usiku. Inaniuma kuwaona wakisomea tochi.

Madarasa bado yana zile taa ndefu za wati 36. Za LED za urefu uleule zipo za wati 18; je, choki za zamani (vile vifaa vya ndani ya taa vinavyodhibiti umeme) zinabaki au fundi anazitoa?

Kinachonisumbua zaidi ni pampu ya kisima, hospawa 2. Juzi saa tisa usiku nilikuta tenki linafurika, maji yanachuruzika ukutani, pampu inanguruma tu. Mlinzi alisahau kuizima. Floti ya kuzima yenyewe itadumu kwenye maji yetu ya chumvi?

Na sola ya pampu peke yake, isukume mchana bila betri, kuna aliyeifunga? Bodi inakaa mwisho wa mwezi huu, nataka niingie na hesabu mkononi. Mngeanza na kipi?