Fundi kaipiga MSWAKI kapsuli ya maiki, anasema katoa "kutu ya njano". Wana Mtwara mnamjua!

#1 Kuchele Rekodi

Wakuu, nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi, mtanivumilia.

Yule fundi. Mnamjua, sina haja ya kutaja. Yule wa meza chini ya mwavuli, mwenye bango linaloanza na simu, redio, pasi, feni, likaishia na "vifaa vyote vya studio". Leo saa tisa alasiri kanirudishia maiki ya kondensa ndani ya mfuko wa maandazi, mfuko bado una mafuta, kashika kiuno, kasema: "Ilikuwa imeota kutu ya njano ndani. Nimeipiga mswaki mpaka ikatakata. Elfu ishirini na tano."

Kutu ya njano.

Mswaki.

Wakuu, ile si kutu, ile ni DHAHABU. Kapsuli ya kondensa, kile kichwa cha ndani kinachopokea sauti, ni kapasita, yaani vipande viwili vilivyokaribiana vinavyotunza chaji ya umeme. Kuna utando wa plastiki, unene wake kama maikroni 6 (unywele wa kichwani ni kama maikroni 70, pigeni hesabu), umepakwa dhahabu nyembamba ajabu, na nyuma yake kuna sahani yenye matundu. Sauti inausukuma utando, nafasi kati yake na sahani inabadilika, umeme wa sauti unazaliwa hapo. Dhahabu ndiyo inayopitisha huo umeme. Ukiisugua ikaisha, umebaki na kipande cha nailoni kwenye ringi. Sasa hivi nikiitazama naona matundu ya sahani moja kwa moja kama nachungulia chekeche. Zamani nilikuwa naona pua yangu.

Nikamuuliza, kaka, umesugulia nini? Mswaki na tina. TINA! Ya kuoshea brashi za rangi! Na mswaki wenyewe uko pale mezani, wa kijani, nywele zimelala pande zote kama mtu katolewa usingizini kwa fumanizi.

Nikamwambia ile ilikuwa dhahabu. Mnajua kanijibu nini? "Ingekuwa dhahabu ningekurudishia?"

Wakuu. Mswaki.

#2 Jongoo Mlokole

Nimekaa siti ya mbele, nina karanga.

#3 Pweza wa Feri

Angalau maiki yako haitanuka mdomo. Alitia dawa ya meno au kavu kavu?

#4 Ohmu Kumi

Pole, ila na wewe una lako. Ilikuwa inaumwa nini mpaka ukampa mtu wa simu?

#5 Kuchele Rekodi

Mkuu Ohmu, waya wa pini namba 1 ulichomoka kwenye plagi ya XLR (ile ya maiki yenye pini tatu), inaunguruma, ukiushika mwili wa maiki muungurumo unapungua. Ni tone moja la risasi, dakika mbili! Chuma changu cha kulehemu kiliungua ule usiku umeme ulipokatika mara tisa ukarudi na hasira. Nikamwambia kwa mdomo wangu, pini namba 1, usifungue juu. Yeye kaenda juu na mswaki.

#6 Ohmu Kumi

Hapo nakubaliana na wewe. Muungurumo unaopungua ukishika mwili mara nyingi ni pini 1, hata mtoto anajua. Pini 1 ni ethi, 2 ni chanya, 3 ni hasi. Mita iweke kwenye mlio, gusa 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3 upande huu na huu wa waya, ilie. Kisha 1 kwa 2, 1 kwa 3, 2 kwa 3, isilie. Nusu ya maiki "mbovu" Mtwara nzima ni waya.

Kwa kondensa kuna kipimo kingine ambacho mafundi wenu wa mwavuli hawakijui. Umeme wa fantomu, ule ambao mikisa inautuma kwenye maiki kupitia waya ule ule wa sauti, ni volti 48, unapita kwenye rezista mbili za ohmu 6,800, moja ya pini 2, moja ya pini 3. Pima kati ya pini 1 na 2 maiki ikiwa haijachomekwa, utapata 48 au karibu yake. Halafu chomeka maiki, pima tena hapo hapo. Ikishuka mpaka 38, volti 10 zimeliwa kwenye ohmu 6,800, ni kama miliampea 1.5 kwa kila mguu, maiki inakula vizuri. Ikibaki 48 ile ile, maiki haili, kuna mahali pamekatika. Ikianguka karibu na sifuri, kuna shoti, zima haraka. Unajua ugonjwa kabla hujagusa skrubu hata moja.

#7 Jongoo Mlokole

Na mswaki unapimwa kwenye pini ya ngapi?

#8 Kijana wa Mitwero

Nyie Mtwara mnadeka. Afadhali fundi wa mswaki. Huku Lindi yupo wa supagluu, na yeye mnamjua. Maiki ya dainamiki imeanguka, koili imekatika waya, yeye kaona utando "umelegea", kaumwagia gundi. Utando wa dainamiki unatakiwa ucheze, koili iliyogandishwa chini yake iende mbele na nyuma kwenye upenyo wa sumaku mwembamba kuliko kadi ya laini. Ukitia supagluu, umepata kipande cha mpingo. Uchonge kinyago.

Koili inapimwa moja kwa moja kwenye waya zake mbili, maiki ikiwa imefunguliwa. Ikisoma makumi au mamia ya ohmu, koili nzima. Mita ikikataa kabisa, waya umekatika, na mara nyingi umekatika pale unapotoka kwenye koili kwenda kwenye nukta ya risasi. Una varnishi, ukiulehemu bila kuikwangua risasi inateleza kama maji juu ya jani la mgomba. Kwangua kwa ncha ya wembe taratibu, paka risasi kidogo, ncha ya chuma iwe nyembamba, gusa sekunde moja toka. Na usifungulie juu ya meza yenye unga wa chuma, sumaku inauvuta wote, ukiingia kwenye upenyo maiki inakwaruza mpaka kiama. Ukiingia, utoe kwa seloteepu, gundi juu, donoa donoa. Usipulize.

#9 Kuchele Rekodi

Pole ya gundi. Ila gundi mtu anaweza kusema mkono uliteleza. Mswaki ni kukusudia. Mtu ameusuuza kwanza!

#10 Bwana Salfa wa Tandahimba

Mnapiga kelele za mswaki wakati huku maiki zinakufa bila hata kwenda kwa fundi. Kuanzia mwezi wa sita watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe, na mifuko iliyobaki inalala stoo moja na spika, mikisa na maiki za kijiji. Salfa na shaba haviishi nyumba moja, na madini ya fedha ndiyo kabisa, vinageuka vyeusi. Pini zilizopakwa fedha zinakuwa kama zimechomwa moshi, maiki inakatika sauti ukiitikisa, fundi anasema "koili". Koili wapi! Futa pini kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, chomeka chomoa mara kumi, inarudi. Wenye stoo wenyewe wanajijua, kila mwaka wanaambiwa, kila mwaka mifuko ile ile.

#11 Mama Alto

Jamani na mimi niseme. Kwaya yetu kuna mwimbaji, jina silitaji, anashika maiki kwa kuikumbatia kichwa kizima kama anaminya embe. Maiki inaanza kupiga filimbi, lawama anapewa fundi mitambo. Na sponji ya ndani ya wavu imeoza kwa mate, ukiigusa inamegeka kama mkate wa juzi. Hivi ile inafuliwa?

#12 Ohmu Kumi

Mama, wavu unazungushwa unatoka, unafuliwa kwa maji na sabuni, unakaushwa kabisa kabla ya kurudi. Sponji iliyomegeka usiifue, itupe, kata nyingine laini, ipime kwa ya zamani. Na huyo wa embe mwambie yale matundu ya kando na nyuma ndiyo yanayoifanya maiki isisikie spika za nyuma. Akiyaziba inasikia pande zote, filimbi lazima.

#13 Pweza wa Feri

Mwambieni huyo mwimbaji apigwe mswaki.

#14 Mkwezi Mstaafu

Swali la kijinga. Maiki inayokwaruza usiku wa mvua tu, mchana safi, naianika juani?

#15 Kuchele Rekodi

USIANIKE. Utando umevutwa kama ngozi ya ngoma, joto la jua linaulegeza. Huo ni unyevu. Ndani kuna rezista ya giga-ohmu 1, yaani ohmu bilioni moja, na juu ya bodi kuna alama ya kidole cha mtu na chumvi ya bahari. Unyevu ukikaa hapo umeme unapata kichochoro pembeni ya rezista, ndiyo hiyo kwaru kwaru. Kopo la mfuniko unaobana, vipakiti vinne vitano vya silika, vile vya kwenye boksi za viatu, maiki ndani, siku moja mpaka mbili. Mchele hapana, una vumbi. Ikirudia, bodi peke yake ifutwe kwa isopropili ya 99, si ile spiriti ya dukani ya 70, asilimia 30 ni maji! Na kapsuli HAIGUSWI. Wala kwa pamba, wala kwa kidole, wala kwa kile kitu cha kijani.

#16 Jongoo Mlokole

Kwa hiyo dawa zote unazijua na bado ukampelekea yeye. Haya.

#17 Ohmu Kumi

Kuchele, sikiliza, huenda imepona. Hiyo kapsuli ni ya milimita 34, kubwa ya duara, skrubu katikati? Nyingi za hivyo zina utando pande mbili, na kwenye maiki isiyo na swichi ya kubadili upande, wa nyuma haujaunganishwa waya. Angalia nyuma. Kama nao una dhahabu na skrubu yake, toa fantomu, subiri nusu dakika kapasita zimwage umeme, geuza kapsuli, hamisha waya wa mbele uende kwenye skrubu ya nyuma. Kama sahani ni mbili zenye waya mbalimbali, na waya wa sahani nao uhame. Upande uliosuguliwa ubaki kama utando mtupu tu, kuna za bei ya chini zinatoka kiwandani hivyo hivyo. Shika pembeni kwenye ringi, gusa kitu cha chuma chenye ethi kwanza, transista ya kwenye bodi haitaki cheche za mwili.

#18 Kijana wa Mitwero

Hii ndiyo elimu. Mkuu Ohmu kula tano.

#19 Mnyalu Aliyepotea Masasi

Wakati mnageuza kapsuli, mwambieni na yule wa nyaya. Kaniuzia mita 6 "shaba tupu". Nimekwangua kwa wembe, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba! Ukiikunja mara tatu inakatika, ukiizidishia moto upako unaondoka na risasi haishiki tena.

#20 Bwana Salfa wa Tandahimba

Huyo mwenye duka kwenye kona? Hata betri zake ni nyepesi, ukizirusha zinaelea.

#21 Kuchele Rekodi

Nimefungua. Nyuma nako kasugua.

#22 Pweza wa Feri

😂😂😂 Fundi msafi!

#23 Jongoo Mlokole

Pande zote mbili. Huyo angekuwa daktari wa meno.

#24 Ohmu Kumi

Basi agiza kapsuli mpya ya milimita 34, upime tundu la skrubu la kiti chake kabla ya kulipa. Na uilehemu mwenyewe.

#25 Kuchele Rekodi

Pande zote mbili, wakuu. Maana yake aligeuza. Alimaliza mbele, akatazama, akaridhika, akageuza, AKACHOVYA MSWAKI TENA.

#26 Mama Alto

Samahani, huo mfuko wa maandazi, ni ya yule mama wa hapo hapo karibu na mwavuli? Maana yamekuwa madogo siku hizi kama vifungo vya koti.

#27 Mkwezi Mstaafu

Ndiyo yeye. Mia mbili moja, ukiling'ata limejaa upepo.

#28 Bwana Salfa wa Tandahimba

Na chai hatii iliki, anatia jina la iliki.

#29 Kijana wa Mitwero

Njooni Lindi. Huku ni mia mbili na linashibisha.

#30 Mama Alto

Lindi ipi hiyo? Lete picha ya andazi pembeni ya kiberiti.