Tupeane uzoefu: mgeni mwenye miiko ya chakula kwenye sinia ya Maulidi na Idi, hapa Amu (Lamu)

Mwenye mada, Mkomani

Assalam aleikum jamaa. Mfungo Sita umekaribia, wageni wa Maulidi wataanza kushuka gatini, na kila nyumba itapika kwa masufuria ya kuazima. Watu 5 au 6 huketi sinia moja. Siku hizi karibu kila sinia ina mtu wa sukari, au wa presha, au ambaye kamba humvimbisha midomo. Kumtengea sahani yake pembeni ni kumwinua katikati ya wenziwe, na wengi huona haya, wakala kisichowafaa. Leteni mnayoyajua ya jikoni: vipimo, mpangilio, na panapoharibika. Hadithi za nani aliugua tuziwache.

Mpishi, Langoni

Waaleikum salaam. La kwanza ni kuuliza siku ya kualika, si siku ya kupakua. Usiulize "una ugonjwa gani?" mbele za watu. Uliza "kuna chakula kisichopatana nawe, au na wa nyumbani kwako?" Mtu atasema.

La pili: toa kabla ya kutia. Ukishachanganya huwezi kuchambua. Pilau iliyopikwa kwa supu ya nyama ni ya nyama hata ukiondoa kila kipande. Kaimati iliyokwisha kuzama katika shira haikauki. Jagi la ukwaju likishatiwa sukari limekwisha. Basi pangeni mapishi hivi: chungu kisichotiwa kile kinachokatazwa kitangulie, cha wote kifuate, kwa mwiko tofauti. Mwiko ndio unaosahauliwa. Mpishi hukoroga mchuzi wa kamba, akageuka akakoroga mbaazi kwa mwiko ule ule, na mbaazi zimeshaharibika kwa yule wa kamba. Mafuta nayo ni hivyo hivyo: karai lililokaanga kamba au sambusa halisafishwi kwa kuchuja.

Kwa wenye presha, mchele kilo 1 tieni chumvi vijiko 2 vidogo badala ya 4, na vile vidonge vya supu muviwache kabisa kwa sababu sehemu kubwa ni chumvi. Ladha irudisheni kwa kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa rangi ya kahawia, bizari nyembamba iliyotwangwa wakati ule ule, mdalasini, na ndimu wakati wa kula. Kachumbari isitiwe chumvi. Chumvi huvuta maji, na bila hiyo hukaa kavu na ngumu mpaka alasiri. Achari iwe kibakulini, isimwagwe juu ya wali. Atakaye atachovya.

Hiyo pilau ya chumvi kidogo ipikeni iwe ya sinia nzima. Mwenye presha hatajulikana ni yupi.

Muuguzi, Mkomani

Nashukuru kwa hilo la mwisho. Kwa mwenye sukari watu hutazama utamu tu, na hatari iliyo karibu zaidi ni kuchelewa. Mtu amechoma insulini yake au amemeza dawa ya sukari, kisha chakula kilichoahidiwa saa 7 kinaletwa saa 10 kwa sababu kisomo kimerefuka. Sukari yake inashuka: jasho baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa maneno, hata kuzirai. Mwenyeji amwambie mapema saa ya kweli ya kula, na karibu naye kuwe na kitu cha utamu. Akianza kutetemeka na bado anaweza kumeza, mpeni vijiko 3 au 4 vidogo vya sukari katika maji, subirini dakika 15, rudieni kama bado, kisha ale chakula. Hapo si wakati wa kumkatalia sukari. Akizirai msimtie kitu kinywani. Mlazeni ubavu na akimbizwe hospitali.

Kwa siku yenyewe, kinachopandisha sana ni vinywaji. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na zaidi, yaani vijiko 7 au 8 vidogo, na sharbati yetu ya Idi haiko nyuma. Asali na sukari guru si dawa. Mwilini huwa sukari vile vile. Wali kiasi cha ngumi moja, mboga na samaki kwanza, wali baadaye. Tende 1 au 2 badala ya 7. Kaimati chache zisizochovywa zinapungua sukari, lakini zisihesabiwe kuwa si kitu, kwani ni unga mweupe.

Kutoka Shela

Na wagonjwa wa figo? Kwetu mgonjwa yeyote hupewa dafu.

Muuguzi, Mkomani

Umegusa penyewe, dadangu. Dafu lina potasiamu nyingi: kikombe kimoja kina karibu miligramu 600. Figo nzima huitoa. Figo iliyochoka, hasa ya mtu anayesafishwa damu kwa mashine, haiwezi, na potasiamu ikizidi moyo huweza kupoteza mapigo yake bila dalili ya kukuonya. Kwa hivyo dafu hapewi, hata kwa mapenzi. Ukwaju na ndizi mbivu ni vya kuhesabiwa pia. Viazi vikateni vidogo, vichemsheni kwa maji mengi, muyamwage, kisha ndipo viingie mchuzini; sehemu kubwa ya potasiamu hutoka na yale maji. Ile chumvi ya dukani inayouzwa kuwa ni ya wenye presha mara nyingi imetiwa potasiamu mahali pa sodiamu, basi kwa huyu ni mbaya kuliko ya kawaida.

Birimbi pia, zile chachu za achari. Zina asidi ya okzaliki kwa wingi, na juisi yake ikinywewa nyingi imewahi kuharibu figo za watu wazima wa afya. Mwenye figo asizile, hata za achari.

Mama wa vitumbua, Langoni

Kwa wasiokula ngano. Pwani tumebarikiwa, kwani vyakula vyetu vingi ni vya mchele: mkate wa sinia, vitumbua, vibibi. Lakini siku ya shughuli kubwa wapikaji wengi hutia kijiko cha unga wa ngano ili vitumbua vishikane, wala hawasemi. Ulizeni. Bajia za dengu pia huchanganywa ngano ili unga uongezeke. Mabokoboko ni ngano yenyewe, tambi ni ngano, na viazi karai huvishwa ngano. Hamira haina neno.

Mkate wa sinia usio na ngano wala yai: mchele vikombe 2 uloweke usiku kucha, usage na tui zito kikombe 1 na nusu mpaka usisikie chenga kwa vidole, tia hamira kijiko 1 kidogo, sukari robo tatu ya kikombe, iliki. Funika mpaka ujae mapovu, kama saa 1 kwa joto letu. Ukishaumuka usikoroge tena, utalala chini. Mimina katika sufuria iliyopakwa mafuta na ikapata moto, moto mdogo chini, makaa juu ya kifuniko. Ukiona mkate umezama katikati, tui lilikuwa jepesi. Unga wa mtama au mahindi pia hauna neno, ila mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano huacha masalio. Sagisheni asubuhi wa kwanza au twangeni nyumbani.

Kutoka Faza

Juu ya samaki. Wako wanaosema "jodari ananikataa" na kumbe jodari alikaa juani. Jodari, nguru na vibua wakikosa barafu hufanya histamini, kitu kinachowasha mwili kama mzio, nyamani, na moto hauiondoi, hata ukaange mpaka akauke. Mtu uso humwiva, kichwa humgonga, ngozi humwasha ndani ya dakika chache mpaka saa moja. Inafanana na mzio hasa. Dalili ni kuwa wengi wa sinia moja huwashwa pamoja; mzio humpata mmoja. Dawa yake iko chomboni: samaki kilo 1 barafu kilo 1, tangu anapovuliwa.

Kamba na kaa ni mambo mengine. Mwenye mzio nao wa kweli asiketi hata jikoni wanapochemshwa, maana mvuke humdhuru baadhi yao.

Muuguzi, Mkomani

Midomo ikivimba na pumzi ikibana, msikae kutafuta vidonge vya mafua. Mlazeni, miguu juu. Akishindwa kuhema aketi. Boti liondoke saa hiyo hiyo kwenda hospitali. Sindano ya adrenalini ndiyo dawa. Aliyeko visiwani ajue tangu asubuhi ya sikukuu boti la nani lina mafuta.

Kutoka Matondoni

Fupi: asali asilambishwe mtoto aliye chini ya mwaka 1, hata kidogo kwa kidole. Na mwenye jongo siku ya Idi Kubwa aepushwe maini, figo na supu ya mifupa.

Mpishi, Langoni

Jirani Mhindu asiyekula nyama: wali wa nazi, mbaazi, biringani na mchicha, vyote kwa sufuria isiyopikiwa nyama siku ile. Wengine hawali kitunguu wala viazi pia, ulizeni. Asiyepatana na maziwa, biriani yake tieni tui zito kikombe 1 na ndimu kijiko 1 kikubwa mahali pa mtindi, moto mdogo, mkikoroga upande mmoja. Likichemka kwa nguvu hukatika. Samli kwa aliye na mzio wa maziwa msitie, hubaki na chembe zake. Aliye na gesi tu ya maziwa kwa kawaida huistahimili.

Mwenye mada, Mkomani

Halua je, kwa mwenye mzio wa korosho na lozi?

Mpishi, Langoni

Wanga wa halua kwa kawaida ni wa muhogo au mahindi, kwa hivyo mara nyingi ngano haimo. Kuchambua lozi haifai, mafuta yake yameshaenea. Agizeni kwa fundi siku 2 kabla, awapikie sufuria ya kwanza ya asubuhi, karai na mwiko vikiwa vimeoshwa kwa sabuni na maji moto, na asinyunyize kitu juu. Ifungeni mbali na nyingine, muiandike kwa kalamu. Zikishapangwa kabatini, halua zote zina rangi moja.