Je, duara kubwa kwenye kisahani lathibitisha kwamba karafuu inaishinda nistatini, dawa ya fangasi?

Mjukuu wa Chumbageni
Salaam, wanajukwaa. Nipo Tanga, namalizia shahada ya kwanza, na mradi wangu unahusu fangasi ya mdomoni, ule utando mweupe kama maziwa yaliyoganda unaowapata sana watoto wachanga, wavaaji wa meno ya bandia na watu walioshuka kinga. Nilipanda Candida albicans, kuvu inayoleta utando huo, kwenye agari, yaani rojo gumu la kuoteshea, nikatoboa vishimo vinne, nikatia mafuta ya karafuu za Amani, dondoo ya majani ya mwarobaini katika ethanoli, nistatini, na ethanoli tupu. Kesho yake karafuu ilikuwa imeacha duara lililokaribia ukingo wa kisahani, nistatini duara la wastani, na mwarobaini alama hafifu upande mmoja tu. Bibi yangu, ambaye tangu utotoni hutupa maji ya karafuu tusukutue, amefurahi mno. Je, niandike kwamba karafuu ina nguvu zaidi?

Fundi Maabara
Usiandike hivyo, mwanangu. Duara linapima uwezo wa kuzuia kuvu na wepesi wa kusambaa kwa pamoja, wala huwezi kuvitenganisha kwa rula. Yujenoli, iliyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ina uzito wa molekuli wa takriban 164, ilhali nistatini ina 926, kwa hiyo nistatini hujikokota ndani ya agari hata pale inapoua vizuri. Isitoshe, yujenoli huruka kama mvuke, na mvuke ukifungiwa chini ya kifuniko hufika hata pasipohusika.

Rudia kwa mchuzi wa kuoteshea, katika sahani ya vishimo 96. Punguza kila dawa nusu kwa nusu, tia chembe 500 hadi 2,500 kwa mililita, acha kwenye nyuzi 35 kwa saa 24, kisha tafuta kiasi kidogo kabisa ambacho mchuzi wake haukuchafuka, yaani kuvu haikuota. Mafuta uyayeyushe kwanza kwa dimethili salfoksaidi, isiyozidi asilimia 1 mwishoni, na uwe na kishimo cha kiyeyusho peke yake. Dondoo ya mwarobaini ni ya kijani kibichi na itakudanganya macho. Chota tone kutoka kila kishimo ulipande kwenye agari safi, ndipo utakapojua pia kama kuvu imekufa au imezuiwa tu.

Daktari wa Meno, Ngamiani
Naongeza upande wa kinywa. Mate husuuza dawa kila dakika, na juu ya meno ya bandia kuvu hujijengea utando unaostahimili kiasi kikubwa zaidi cha dawa kuliko chembe zinazoelea mchuzini. Mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa huunguza ngozi laini ya kinywa, na kwa mtoto mchanga ni hatari, hivyo namba yako ya kuzuia kuvu haina maana ya tiba mpaka uilinganishe na kiasi kinachodhuru seli za binadamu. Tena bibi hutumia maji, nawe umepima mafuta. Yujenoli huyeyuka kidogo sana katika maji. Hizo ni dawa mbili tofauti.

Mjukuu wa Chumbageni
Shikamooni, na ahsanteni. Nimetazama tena picha: ile alama ya mwarobaini iko upande unaoelekea karafuu, kwa hiyo nimeifuta kwenye matokeo. Jumatatu naanza upya na mchuzi, na bibi ameahidi kunichemshia yale maji yake mwenyewe, kwa kipimo chake cha kila siku.