Mlango wa nyuma wa Fielder, Kisumu: kunyoosha au kununua wa mtumba?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za siku nyingi.

Jumatatu nikitoka kumchukua mwanangu shuleni, tuktuk ilinigonga ubavuni pale Kondele, mlango wa nyuma kushoto. Mtoto alikuwa amekaa upande wa pili, namshukuru Mungu, hakupata hata mchubuko. Gari ni Toyota Corolla Fielder, NZE121, nyeupe. Mlango umebonyea katikati, kioo kinashuka nusu kisha kinakwama, na kuufunga ni mpaka uusukume kwa goti. Polisi nimeripoti, abstrakti, ile hati yao ya ajali, ninayo. Bima yangu ni ile ya kuwalipia wengine tu, ila mwenye tuktuk ni muungwana, amekubali kuchangia.

Sasa fundi mmoja wa Kibuye anasema ataunyoosha na kupiga rangi kwa siku mbili. Mwenzake anasema niutupe, nitafute mlango kwenye magari yaliyovunjwa. Nyumbani Musoma, Tanzania, gari lilikuwa la baba na mambo haya yalikuwa yake. Naombeni ushauri.

Dada yenu, Kisumu

* * *

Marahaba mwanangu. Pole sana, wewe na mtoto.

Usianze na bei. Mwambie fundi afungue kadi ya mlango, yaani ule ubao wa ndani wenye swichi ya kioo, mtazame pamoja. Nyuma ya bati la nje kuna bomba la chuma lililolazwa kutoka ukingo mmoja wa mlango hadi mwingine. Hilo ndilo linalomkinga anayekaa pale gari likigongwa ubavuni. Kama lililobonyea ni bati peke yake, linyooshwe, hakuna ubaya. Kama bomba limepinda, kataa. Chuma chake kimetengenezwa kigumu makusudi; fundi akikipasha moto na kukigonga, umbo litarudi lakini nguvu haitarudi. Juu yake atapaka pati, ule udongo wa kujazia mabonyeo, apige rangi, uone mlango unang'aa, na mtoto wako akae nyuma ya pati. Nisamehe nikisema kwa ukali, nimeona milango ya namna hiyo ikifunguliwa hapa Nakuru na imeniuma.

Ukiamua kununua, taja Fielder, usiseme Corolla tu. Milango ya nyuma ya sedani haikai kwenye Fielder, paa la nyuma halifanani. Fungua boneti usome kibao cha chasisi: penye C/TR pana namba ya rangi. Nyeupe ya kawaida ya Toyota ni 040. Ukipata mlango wenye namba hiyo ni bahati, ingawa jua huwa limeshaupausha kwa namna yake, kwa hiyo usishangae ukipishana kidogo na gari lako.

Kuhusu muuzaji, hapa nakusihi uwe makini. Muulize mlango umetoka kwenye gari gani: limeletwa limekatwa kutoka Japani, au ni la ajali la hapa? Kama ni la hapa, tazama kioo. Wakenya wengi huchora namba ya gari kwenye vioo ili wezi wasipate soko. Ukikuta namba, omba nakala ya logibuku ya gari hilo, ile tunayoiita kadi ya gari, na namba zilingane. Ukikuta kioo kimekwaruzwa pale namba inapokaa, ondoka bila kubishana. Kifungu cha 322 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya kinamhusu anayepokea mali ya wizi huku akijua au akiwa na sababu ya kujua, na kifungo kinafika miaka 14. Sisi Watanzania, wageni hapa Kenya, tuna sababu zaidi ya kutoingia huko. Lipa kwa M-Pesa jina lake libaki kwenye simu yako, na risiti iandikwe namba ya chasisi ya gari lililotoa mlango.

Nenda na sumaku ndogo. Ipitishe bati zima; isiposhika, hapo pana pati. Kisha papasa ukingo wa chini kwa ndani. Kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua, vikiziba kutu huanzia humo.

Mzee wako, Nakuru

* * *

Dada pole. Mzee amemaliza, naongeza ya ufungaji tu. Kabla hujalipa, hesabu pini za soketi ya nyaya na uzilinganishe na za mlango wako, maana wa kioo cha kuzungusha kwa mkono hauna nyaya za mota. Rangi ipigwe kwenye kingo za ndani kabla mlango haujafungwa, la sivyo kila ukifungua utaona rangi ya gari la watu. Fundi achomoe waya hasi wa betri, achore kwa kalamu mahali bawaba zilipokaa, na awe na mtu wa pili au jeki iliyowekewa tambara. Mlango wenye kioo ni mzito, ukining'inia kwenye bawaba moja unaipinda.

Kaka yako, Eldoret

* * *

Nimerudi na shukrani.

Tulifungua kadi ya mlango: bomba limepinda kama upinde. Yule fundi wa siku mbili mwenyewe alinyamaza alipoliona. Mlango niliupata kwa mtu anayevunja magari ya ajali, alitaka 15,000 tukaelewana 11,500. Ni wa rangi ya fedha. Kioo kilikuwa na namba, akatoa nakala ya logibuku bila kusitasita na zikalingana. Hata hivyo sikutaka kutembea na namba ya gari la mtu, nikamwomba fundi ahamishe kioo changu, kilikuwa kizima. Kilichoharibika ni reli yake.

Kazi ilichukua siku nzima, na nusu yake ilikuwa kusawazisha. Mlango ulikuwa ukigusa chini, wakalegeza bawaba mara tatu, halafu wakasogeza kile chuma cha nguzoni kinachokamatwa na kitasa mpaka ukajifunga kwa kidole. Hamkunitajia kufuli ya watoto, nawaambia wengine: jaribuni. Yangu ilikuwa imeganda kwa vumbi, wakaisafisha na kuitia grisi. Siku ya kwanza ya mvua kubwa nilimwaga maji zaidi kwa ndoo, nikakuta zulia limelowa kidogo. Raba ya mlango wa mtumba imekauka kwenye kona ya juu.

Mzee, raba nachukua mpya, au ile ya mlango wangu wa zamani bado inafaa? Ni laini, haijapasuka.